Nyota za Bara Hindi kwa Ndimi za Wageni



Kiswahili husema jua limepatwa. Hatusemi limefunikwa wala limezimika, ingawa ndivyo macho yaonavyo; twasema limepatwa, kana kwamba kuna mkono ulionyooshwa angani ukalikamata. Neno hilo nimelitumia tangu utotoni, Mombasa, bila kulitia maanani. Aliyenizindua ni mzee mmoja wa Bangalore niliyemsikiliza akizungumza na Wamarekani wapatao thelathini katika ukumbi wa mazoezi ya yoga, jimbo la California. Aliwaambia kwamba neno graha, ambalo vitabu vya Kiingereza hulitafsiri kuwa sayari, asili yake si sayari. Graha ni kishikacho. Mzizi wake wa Kisanskriti ni kushika, kukamata, kutia mkononi. Na jua au mwezi ukipatwa, tukio hilo huitwa grahana, yaani ushikaji wenyewe.

Bibi mmoja aliuliza inakuwaje Jua na Mwezi vihesabiwe miongoni mwa sayari, na inakuwaje Rahu na Ketu viingizwe humo ilhali si vitu vya kuonekana, ni nukta mbili tu ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua. Mzee alijitahidi kumjibu kwa Kiingereza, na Kiingereza kilimwangusha. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikiona kwamba kwa Kiswahili swali lenyewe lisingezuka. Kama graha ni kile kimpatacho mtu, basi Jua humpata mtu, Mwezi humpata, na Rahu, ambaye katika visa vyao ndiye alipataye jua lenyewe, ana haki kuliko wote ya kuitwa kwa jina hilo. Nasi twasema mtu amepatwa na maradhi, amepatwa na msiba, amepatwa na balaa. Kitenzi ni kimoja, kwa jua na kwa binadamu.

Nilikuwa pale kwa mwaliko wa mwenzangu wa kazini. Mimi hufundisha Kiswahili chuo kikuu, naye huenda kwenye ukumbi ule kila wiki. Mzee huja Marekani kila kiangazi, akizunguka mji hadi mji na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Alipojua kwamba nimezaliwa Mombasa aliiacha chai yake ikapoa. Mwaka uliokuwa ukifuata alikuwa na safari ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kuzungumza na vijana wa jamii za Kihindu ambao, kwa maneno yake, Kisanskriti hawakijui, Kigujarati wanakisahau, na Kiswahili wanaotea ndoto. "Beti," aliniambia, "nitengenezee orodha ya maneno. Arobaini tu." Beti ni binti, na tangu hapo hakuniita kwa jina lingine. Nami nikamwita Panditji, kama walivyomwita wote. Makala haya ni habari ya orodha hiyo.

Niseme mapema kwamba mimi si muumini wa nyota. Nyumba niliyolelewa ilitenga ilmu ya falaki, ya kujulia mwandamo wa mwezi na nyakati za sala, na unajimu wa kutabiria watu mambo yao. Ya kwanza iliheshimiwa, ya pili ilinong'onezwa. Na atakaye ushahidi wa kisayansi anao. Jayant Narlikar, mwanafizikia wa anga wa mjini Pune, aliwahi kuwapa wanajimu wa nchini mwake mtihani. Walioutimiza walikuwa 27, kila mmoja akipewa ramani 40 za kuzaliwa, baadhi za wanafunzi hodari na nyingine za watoto wenye ulemavu wa akili, azitenge. Wastani wa majibu sahihi ulikuwa asilimia 46. Kurusha sarafu kungetoa hamsini. Lakini mtu anaweza kuipenda lugha ya jambo asiloliamini, na lugha ya unajimu wa Kihindu, iitwayo jyotisha kutokana na neno jyoti, nuru, ni miongoni mwa lugha zilizopangika vizuri kuliko nyingi nilizozijua.

Imefikaje Magharibi? Wengi wa wale waliokuwa ukumbini waliianza kwa Paramahansa Yogananda, aliyetua Boston mwaka 1920, na ambaye kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka 1946, kina sura nzima ya mwalimu wake akimweleza nguvu ya nyota na jinsi ya kuikwepa. Lakini huyo alipeleka yoga. Nyota zilikuwa mzigo wa pembeni. Aliyezibeba kama mzigo mkuu ni Bangalore Venkata Raman, aliyezaliwa mwaka 1912. Babu yake, B. Suryanarain Rao, alikuwa ameanzisha jarida la The Astrological Magazine mwaka 1895. Raman alilifufua mwaka 1936, naye akawa mhariri wake kwa miongo sita. Mwaka 1959 alifunga safari ya Ulaya na Marekani kuhutubia, na habari za safari zake akaziandikia kitabu, A Hindu in America.

Jarida hilo lilikuwa la Kiingereza tangu siku ya kwanza. Ni rahisi kusema hiyo ilikuwa lugha ya mtawala, na ni kweli. Ila tuyajuao mambo ya nchi zenye ndimi nyingi twajua upande wa pili: Mtamil, Mbengali na Mgujarati wangesoma wapi jarida moja? Basi elimu ile ilikuwa imekwisha kuvaa nguo za kusafiria kabla Raman hajapanda ndege. Maneno house, sign na planet yalikuwa yamekwisha kukaa mahali pa bhava, rashi na graha, ndani ya India yenyewe, kwa matumizi ya Wahindi wenyewe. Mgeni wa Magharibi alipofungua kitabu alikuta vyumba anavyovifahamu, akadhani ni nyumba yake.

Na kwa namna fulani ilikuwa yake. Varahamihira, mnajimu mkuu wa karne ya 6, katika kitabu chake Brihat Jataka huzitaja buruji kwa majina ya Kisanskriti, na pia kwa majina mengine: kriya, tavuri, leya, juka. Hayo ni Kigiriki kilichobanduliwa magamba: Krios, Tauros, Leon, Zygon. Huyo huyo aliandika kwamba Wayunani, ingawa ni watu wa nje, wastahili heshima kama ya wahenga kwa sababu elimu hii wanayo. Hata neno hora, ambalo ni jina la fani nzima ya kutabiri, ni saa ya Kiyunani. Baadaye, katika karne ya 8, vitabu vya hesabu za anga vya Kihindi vilifika Baghdad vikafasiriwa kwa Kiarabu, na kwa Waarabu nasi tukapata Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula na wenzake, majina ambayo vijana wetu siku hizi hukutana nayo gazetini tu, mahali pa nyota zako wiki hii. (Wapenzi wa etimolojia watulie: buruji ya Asadi kwa Kisanskriti huitwa simha, lakini simba wetu ni Mbantu halisi na hahusiki.)

Ndiyo maana hunikera kidogo lile jina jipya. Raman aliandika "Hindu." James Braha, Mmarekani aliyekwenda India kujifunza katika miaka ya 1980, alipotoa kitabu chake mwaka 1986 bado aliita Hindu. Mwaka 1993 likaanzishwa Marekani baraza la wanajimu wa mkondo huu, na jina lililobandikwa mlangoni lilikuwa "Vedic." Tangu hapo ndilo limetamalaki. Nimeelewa kwa nini: Hindu huonekana dini ya watu fulani, Vedic husikika kama hekima ya kale iliyo wazi kwa kila mwenye tiketi. Lakini Veda zenyewe, ambazo zazijua vizuri zile nyota 27 za manzili za mwezi, hazina buruji kumi na mbili wala ramani ya kuzaliwa. Panditji nilipomwambia hivyo alicheka. Alisema mgeni mwenye njaa hapewi historia ya sufuria.

Ukumbini, ugomvi wa kwanza ulikuwa wa buruji. Unajimu wa Magharibi huanzia hesabu zake pale Jua lilipo siku ya mlingano wa usiku na mchana mwezi Machi. Wa Kihindu huanzia kwenye nyota zenyewe. Mhimili wa dunia huyumba polepole, kiasi cha digrii moja kwa miaka 72, hivyo baina ya mianzo hiyo miwili pamekwisha kuwa na pengo la digrii 24 hivi. Matokeo yake, mtu aliyezaliwa tarehe 10 Aprili, ambaye maisha yake yote amejitapa kuwa Hamali, aambiwa na Panditji kwamba ni Hutu. Mwanamume mmoja alikuwa na kondoo dume amechorwa begani kwa wino usiofutika. Alilitazama bega lake, kisha akamtazama Panditji, kama anayetaka kurudishiwa fedha. Wahindi wenyewe hawajapatana juu ya ukubwa wa pengo hilo. Kamati iliyoongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha ilipendekeza kipimo kimoja mwaka 1955 kwa kalenda ya taifa. Raman alishikilia chake, chenye tofauti ya takriban digrii moja na nusu, hadi alipofariki mwaka 1998.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa saa, na huo ulinihusu. Panditji alitaka kuchora ramani yangu kwa mfano, akauliza nilizaliwa saa ngapi. Nilimpa kauli ya bibi yangu kama ilivyo: saa kumi, kabla ya adhana. Mwenzangu alikwisha kuandika "saa kumi usiku" kwa mtindo wa kwao, nikamzuia. Saa kumi yetu ni saa nne yao. Buruji inayochomoza mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili au karibu yake, hivyo saa sita za kosa ni buruji tatu, yaani mtu mwingine kabisa. Nikaeleza kwamba sisi huhesabu saa tangu alfajiri na tangu magharibi, na kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa kwetu huitwa usiku wa Ijumaa. Wamarekani waliona ajabu. Panditji alipiga paja kwa furaha. Kwao, alisema, siku huanza jua linapochomoza, na wazee waliandika wakati wa mtoto kuzaliwa kwa ghati, dakika ishirini na nne kila moja, sitini kwa siku moja, kuhesabia hapo hapo machweo. "Sio machweo, Panditji, mawio," nilimsahihisha, kwani neno machweo nilikuwa nimemfundisha asubuhi ile na alilipenda mno akawa analitumia kwa kila kitu.

Nafika sasa kwenye jambo lililonifanya nikate shauri kuwaandikia ninyi malenga. Elimu hii yote imetungwa kwa mashairi. Varahamihira aliandika kwa bahari mbalimbali. Na kitabu kinachoitwa cha mwenye hekima Parashara, ambacho ndicho nguzo ya wanajimu wa leo, kimeandikwa zaidi kwa sloka. Siku ya tatu Panditji aliacha kueleza, akafumba macho akaghani. Wanafunzi waliteremsha kalamu wakingojea amalize ili wapewe maana. Mimi nilikuwa nikihesabu kwa vidole. Nane, nane, nane, nane. Nikadhani nimekosea, nikamwomba arudie. Nane, nane, nane, nane. Ubeti wa sloka una vipande vinne, kila kipande silabi nane. Hiyo ni mizani ya utenzi.

Sidai undugu. Sloka haina vina. Kinachoishikilia ni mpangilio wa silabi ndefu na fupi, jambo ambalo Kiswahili hakina. Na utenzi wetu una historia yake mwenyewe, isiyohitaji mjomba wa Bara Hindi. Lakini kifua kimoja cha binadamu na pumzi moja ya kukariri vilifikia kipimo kile kile katika pwani mbili za bahari moja, kwa kazi ile ile: kumtia mwanafunzi elimu kichwani bila daftari. Na hapo nikaona hasara iliyopatikana njiani. Brihat Jataka ilipofasiriwa kwa Kiingereza na N. Chidambaram Iyer mwaka 1885, na ilipofasiriwa tena na wengine baada yake, ilitoka ikiwa nathari yenye nambari, mithili ya vifungu vya mkataba. Mmarekani hujifunza nyota kwa jedwali. Huzikumbuka kwa kufungua ukurasa. Hakuna anayezighani akikosha vyombo.

Basi nilijaribu. Katika fani hii maisha ya mtu hugawanywa kwa vipindi viitwavyo dasha, kila kipindi chini ya graha mmoja, jumla miaka 120: Ketu miaka 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mushtara 16, Zuhali 19, Utaridi 17. Mwanzo wa foleni huamuliwa na manzili aliyokuwamo Mwezi mtoto alipozaliwa. Jedwali la kuchosha, lakini mliangalie likiingia katika utenzi:

Saba ya Ketu 'kitoka
Zuhura huja kushika
ishirini ya miaka
kisha Jua, sita yake.

Si ushairi mkubwa, nami sijitapi. Ni ubeti wa kufundishia. Panditji hakujua neno hata moja ila majina, na alipousikia aliinua kidole akaanza kuhesabu. Alipofika nane ya nne alinyamaza, kisha akaniambia niongeze maneno mengine katika orodha, arobaini hayatoshi.

Orodha ilinipa raha kwa majuma kadhaa. Baadhi ya maneno yalikuwa ya kuchekesha. Zuhali kwao ni Shani, jina lenye asili ya kwenda polepole, maana huchukua miaka 29 na nusu kuzunguka anga. Na ndiye wanayemwogopa kuliko wote. Kwetu shani ni ajabu na jambo la kupendeza, na ni jina la msichana. Mtaani petu alikuwapo Shani, na bibi wa jirani zetu wa Kigujarati, tuliyemwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita, hakuacha kutikisa kichwa kila mama yake Shani alipomwita mwanawe aje kula. Mirihi, nao watu wa kusini kama Panditji, humwita Kuja: ku ni ardhi, ja ni mzaliwa. Mzaliwa wa ardhi. Hebu mfikirie kijana wa Dar es Salaam anayeambiwa kwa uzito mkubwa kwamba tatizo lake ni Kuja.

Lakini Kuja ndiye aliyenikwamisha.

Kaskazini na Gujarati humwita Mangal. Neno mangala kwa Kisanskriti lina maana ya heri, baraka, na hiyo ni tafsida tu, kama nyumbani kwetu nyoka asivyotajwa usiku akaitwa kamba. Mkufu ambao bibi harusi wa Kihindu huvishwa huitwa mangalsutra, uzi wa heri. Na msichana ambaye Mirihi imeangukia nyumba ya 1, ya 4, ya 7, ya 8 au ya 12 ya ramani yake huitwa manglik, na husemwa kwamba ana dosha, na kwamba atamfisha mume. Mkufu na kikwazo cha mkufu vimekatwa katika gogo moja. Wavulana nao huwa manglik, kwa hesabu hiyo hiyo; ila sijasikia mvulana aliyenyimwa usingizi kwa ajili hiyo.

Ukumbini Panditji alilieleza jambo hili kwa ulaini. Mwanamke mmoja wa makamo, ambaye ramani yake ilikuwa na Mirihi katika nyumba ya saba, aliambiwa kwamba ana moto mwingi na awatafute wenye moto kama wake. Alicheka, wenzake wakampigia makofi. Nilimtazama nikamfurahia, mtu hana budi kufurahi akipongezwa. Kisha nikatoka nje kidogo.

Mjukuu wa Ba alikuwa rika langu. Tulikua pamoja, tukila ubuyu ngazi moja. Ramani yake ilikuwa na umbo la almasi, kama wachoravyo Wagujarati, imetiwa alama nyekundu pembeni, na ilihifadhiwa ndani ya bati la biskuti pamoja na vyeti vya nyumba. Alipofika umri wa kuposwa walikuja watu wa Nairobi, wakaomba nakala ya ramani, wakaenda nayo, wasirudi. Wakaja wa Kisumu. Wa tatu walikuwa wa Rajkot, na hao walikuwa tayari, kwa sharti kwamba kwanza aozwe chungu. Ndiyo, chungu cha udongo: hufanyiwa arusi nacho kikamilifu, kisha huvunjwa, na balaa la ujane huwa limekwisha kulipwa. Wengine huozwa mgomba. Alikataa. Hakupiga kelele, alisema hapana, akaenda kumsaidia Ba kukunja chapati. Usiku ule ndio aliponieleza maana ya neno lililokuwa likimzunguka miaka minne. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza kusomea ufamasia, na huko ndiko aliko, Leicester.

Mwisho wa juma lile nilimuuliza Panditji kwa nini ukumbini hakusema lisemwalo nyumbani. Hakukasirika. Alisema vitabu vyenyewe vina orodha ndefu ya mambo yanayoifuta dosha hiyo, ndefu hata ukiisoma yote utashangaa nani amebaki nayo, na kwamba watu wavivu husoma mstari wa kwanza tu. Kisha akasema kwamba Marekani hakuna mama mkwe anayeomba ramani, kwa hiyo neno halina meno. Kwa nini amtishe mtu kwa mbwa asiye na meno? Jibu zuri. Ila yeye alikuwa akienda Mombasa, na huko meno yapo.

Nirudi kwenye tafsiri. Dosha ni ila, kasoro, dosari. Dosari ilinivutia kwa sauti yake; imekaa kama binamu wa dosha, hata kama ukoo wao sina hakika nao. "Dosari ya Mirihi." Ingeingia vizuri. Ingekaa ulimini. Nilijaribu pia maneno yetu ya mtaani, nuksi, kisirani, nyota mbaya, na kila moja lilifaa kupita kiasi. Lugha yetu haina upungufu hapa. Waganga wetu wa kitabu, wanaopiga hesabu kwa jina la mtu na la mama yake, wamekwisha kuwavunjia watu uchumba kwa nyota zisizopatana. Neno la Panditji lingekuta mikeka imetandikwa.

Nilimpelekea rafiki yangu ujumbe nikamweleza yote. Alinijibu kwa sauti, Kiswahili chake kile kile cha mtaani, basi la Leicester likinguruma nyuma yake:

"Mwenzangu, hilo usilitafsiri. Nyumbani lilisemwa kwa Kigujarati tupu. Mama yako halijui, mwenye duka halijui, wewe mwenyewe hukulijua mpaka nilipokwambia. Nikitoka nje ya mlango mimi ni mimi. Sasa ukiwapa kwa Kiswahili, huyo msichana atatoka aende wapi?"

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi. Sisi watu wa lugha tumezoea kuona neno lisilotafsiriwa kuwa ni deni. Tumeandaa makongamano juu yake. Yeye alikuwa akiniambia kwamba kwa miaka minne alipata pa kupumulia barabarani petu kwa sababu neno moja halikuvuka kizingiti.

Orodha niliyompelekea Panditji ilikuwa na maneno hamsini na mawili. Graha niliandika "kipataji," nikieleza kwa kirefu habari ya jua kupatwa. Nakshatra, manzili ya mwezi. Dasha, zamu. Mbele ya dosha sikuandika kitu. Aliuliza kama ni kosa la uchapaji. Nikamjibu la, nikamsimulia kisa bila jina la mtu. Alikaa majuma mawili kimya. Kisha aliandika kwamba akifika Mombasa atalitaja neno hilo kwa Kisanskriti, na papo hapo atasoma orodha nzima ya yanayolifuta, hata kama watu watasinzia. Ni nusu ya nilichotaka.

Pamebaki nafasi nyingine tupu, na hii ndiyo ninayowaombeni msaada. Lagna ni ile nukta ya anga inayochomoza mashariki mtoto anapozaliwa. Asili ya neno ni kugusana, mbingu na ardhi zinapogusana, na kwa Kigujarati lagna hiyo hiyo ni arusi. Kiarabu chasema tali', kichomozacho. Nimefikiria matlai, ambalo kwetu ni mashariki na ni upepo utokao huko asubuhi, lakini naogopa msikilizaji atasikia upepo badala ya nukta. Je, wazee wa Lamu au wavuvi wa Pemba wana neno la mahali nyota inapotokeza juu ya maji? Mwenye nalo aniandikie, na anipe na sentensi alimolisikia.